Uvimbe usiouma unavyochelewesha wagonjwa Kibaha na Kisarawe

UVIMBE unaouma humfikisha mtu hospitali mapema. Jipu likitunga usaha shingoni, mgonjwa hapati usingizi, na alfajiri huwa amekwisha kupanga foleni kwenye zahanati. Uvimbe usiouma haumsumbui mtu namna hiyo. Huanza kama punje ya harage chini ya ngozi, karibu na sikio au chini ya taya. Mwenye nao huugusa, ukasogea, akauacha. Baada ya miaka mitano huwa kama limau. Baada ya kumi na tano mwenye nao hujifunika mtandio hata jua la saa saba mchana, au huivuta kofia upande mmoja, na picha hakubali kupigwa ila kwa upande wa pili.

Hiyo ndiyo historia ya uvimbe mwingi mkubwa wa uso na shingo unaofikishwa kwa madaktari bingwa wa upasuaji, na Kibaha na Kisarawe mkoani Pwani ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hilo. Wilaya hizi hazipo pembezoni mwa nchi. Kibaha mjini ni takriban kilomita 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, na Kisarawe mjini ni karibu zaidi kwa njia ya Pugu na Gongo la Mboto. Hata hivyo ukaribu huo wa ramani haumfikishi mgonjwa mapema kwenye meza ya upasuaji.

Katika Kiswahili neno uvimbe limebebeshwa mizigo mingi. Jipu ni uvimbe, tezi la shingo ni uvimbe, saratani nayo huitwa uvimbe. Kwa daktari mpasuaji swali la kwanza ni uvimbe huo umeota kutoka kwenye nini. Wanaozungumziwa hapa ni wenye uvimbe wa tishu laini, yaani mafuta, misuli, mishipa ya fahamu, mishipa ya damu na tezi. Uvimbe wa taya, ambao nao hukua hadi kuupindisha uso wote, huanzia kwenye mfupa, na matibabu yake ni habari nyingine.

Uvimbe wa kawaida kuliko wote ni ule wa mafuta, uitwao lipoma. Ni laini kama donge la unga wa chapati, huteleza chini ya kidole, na aghalabu umefungwa ndani ya kifuko chembamba. Ukiwa mdogo, daktari huchoma sindano ya ganzi, hupasua ngozi kidogo na kulisukuma donge kwa vidole hadi litoke. Mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ukiachwa ukapita sentimita 10 au ukafikia uzito wa kilo moja, madaktari huuhesabu kuwa lipoma kubwa mno, na kazi hiyo haifanyiki tena kwa ganzi ya sindano, kwani donge huwa limejipenyeza katikati ya misuli ya shingo na limevuta kwake mishipa ya damu ya kulilisha.

Wenye kuhitaji hadhari kubwa zaidi ni wale wenye uvimbe mbele au chini kidogo ya sikio. Hapo ndipo ilipo tezi kubwa ya mate, parotidi, na sehemu kubwa ya uvimbe wa tezi za mate huota humo. Mwingi wake si saratani na hukua polepole kwa miaka mingi, lakini ukiachwa muda mrefu baadhi yake hugeuka kuwa saratani. Dalili ya hatari hapo ni uso kupinda. Mgonjwa akiambiwa atabasamu, pembe moja ya mdomo ikabaki ilipo, au akishindwa kufumba jicho la upande wa uvimbe, daktari hushuku kwamba saratani imekwisha kuula mshipa wa fahamu.

Uko pia uvimbe unaoota kwenye mishipa ya fahamu yenyewe. Ugonjwa wa nyurofibromatosisi ya aina ya kwanza, ambao daktari Mjerumani Friedrich von Recklinghausen aliueleza mwaka 1882, humpata takriban mtoto mmoja katika kila 3,000 wanaozaliwa. Takriban nusu ya wagonjwa hurithi kutoka kwa mzazi. Waliobaki huupata bila yeyote katika ukoo kuwa nao, jambo linalochochea maneno ya kurogwa. Ngozi huwa na mabaka ya rangi ya kahawa na vinundu vingi. Kwa baadhi yao nyama laini hushuka kutoka kwenye kope, shavu au shingo kama pazia. Uvimbe wa namna hiyo hauna kifuko wala mpaka, huvuja damu kwa wingi unapokatwa, na ni nadra kuondolewa wote. Mpasuaji hupunguza alichoweza, akijua kwamba mwenzake huenda akaitwa tena baada ya miaka. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya kuupunguza kwa watoto, selumetinib, lakini bei yake ni kubwa mno kwa familia ya kawaida, iwe ya Mlandizi au ya Marekani kwenyewe.

Kwa watoto wachanga uko uvimbe wa maji ya limfu, unaojaa shingoni kama puto, mara nyingi mtoto akizaliwa nao. Huu unaweza kumziba pumzi au kumzuia kunyonya. Wakati mwingine hukatwa, wakati mwingine huchomwa sindano ya dawa inayovinywesha vifuko vyake. Bleomisini, inayotumika pia kutibu saratani, ni mojawapo.

Kabla ya kisu kunolewa lipo jambo ambalo wengi hawalifahamu. Uvimbe mwingine haupaswi kukatwa kabisa.

Tezi zinazovimba upande wa shingo, moja baada ya nyingine, zikashikana na baadaye kutoboka, mara nyingi huwa ni kifua kikuu, hata kama mgonjwa hakohoi. Tiba yake ni vidonge vya miezi sita, ambavyo nchini hutolewa bure. Anayezipasua tezi hizo kwa kudhani ni majipu humwachia mgonjwa kidonda kinachovuja miezi kwa miezi. Madoa mekundu ya mishipa ya damu yanayojitokeza wiki chache baada ya mtoto kuzaliwa, yakavimba kwa kasi, kwa kawaida husinyaa yenyewe kadiri mtoto anavyokua. Madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, waliripoti mwaka 2008 kwamba propranolol, dawa ya zamani na ya bei nafuu ya moyo na shinikizo la damu, huyasinyaza haraka.

Mfano mkubwa kuliko yote ulipatikana hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1957 daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Alipomwona wa pili mwenye hali hiyo hiyo alianza kupekua kumbukumbu za wagonjwa, na mwaka 1958 akachapisha maelezo yake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walifunga safari ya gari ya takriban kilomita 16,000 kupitia Afrika Mashariki hadi kusini mwa bara, wakiingia hospitali moja hadi nyingine na kuuliza kama watoto wa namna hiyo wanaonekana. Vipande vya uvimbe vilivyopelekwa London kutoka Kampala ndivyo vilivyowawezesha wataalamu kugundua mwaka 1964 kirusi kinachojulikana kwa jina la Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kwa mzazi, la kushika katika habari hiyo ni kasi. Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto aliyeonekana mzima mwanzoni mwa mwezi, mwishoni meno yake huwa yanalegea na jicho limesukumwa nje. Burkitt alikuwa mtu wa kisu, lakini alitambua kwamba kisu hakikuwasaidia watoto hao. Dawa ndizo zilizowasaidia, na hata leo dawa hizo huponya wengi wakiwahishwa. Mtoto wa aina hiyo akionekana Maneromango au Ruvu, anapaswa kupelekwa Dar es Salaam wiki hiyo hiyo bila kusubiri kuona utakavyoendelea.

Ndiyo maana daktari makini hatakubali kukata kabla ya kujua anachokata. Huupapasa uvimbe, huuliza umeanza lini na umekua kwa kasi gani, huchungulia kinywani na kooni, kisha huchoma sindano nyembamba kuvuta chembe chache za kupimwa kwa hadubini. Altrasaundi huonyesha kama ndani kuna maji, mafuta au nyama. Kwa uvimbe mkubwa huhitajika picha ya CT-scan, kuona kama umeizingira mishipa mikubwa ya shingo au umeteremka hadi kifuani. Uvimbe wa tishu laini uliozidi sentimita tano, unaoongezeka, ulio chini ya misuli au ulioanza kuuma huhesabiwa kuwa wa kushukiwa saratani hadi vipimo viseme vinginevyo.

Upasuaji wenyewe huanza na kazi ya mtaalamu wa nusukaputi, na pengine hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko kwenye kisu. Mgonjwa akilazwa usingizi misuli ya koo hulegea. Kwa mtu wa kawaida mtaalamu huingiza mrija wa kupumulia kwa muda mfupi. Kwa mtu ambaye uvimbe umeusukuma ulimi, umepindisha koo au unamzuia kufungua kinywa, mrija unaweza kukosa njia, na dakika chache bila hewa hutosha kuua. Kwa hiyo wagonjwa wengine huingizwa mrija wakiwa macho, koo likiwa limepuliziwa ganzi. Wengine hutobolewa koo kwa ganzi ya sindano kabla ya kulazwa. Hakuna anayelifurahia tundu la kooni, lakini huzibwa uvimbe ukishaondoka na uvimbevimbe wa jeraha ukipungua.

Baada ya hapo hufuata kazi ya subira. Mshipa wa fahamu unaouchezesha uso hutoka kwenye fuvu chini ya sikio, huingia ndani ya parotidi na kugawanyika katika matawi matano: la paji la uso, la jicho, la shavu, la taya na la shingo. Mengine ni membamba kama uzi wa kushonea. Mpasuaji hautafuti uvimbe kwanza. Huutafuta mshipa, kisha huufuata tawi kwa tawi akiuchambua uvimbe kutoka juu yake. Tawi la jicho likikatwa, jicho halifumbi tena sawasawa, hukauka, na lisipotunzwa huingia upofu. Upasuaji wa saa nne au sita kwa uvimbe wa ukubwa wa chungwa haumaanishi kwamba mambo yameharibika.

Upande wa nyuma wa shingo upo mshipa mwingine wa fahamu, unaokwenda kwenye bega. Umepita juu juu sana, kiasi kwamba hukatwa hata katika upasuaji unaoitwa mdogo wa kuchukua kinyama cha kupima. Mgonjwa hupona kidonda, kisha hugundua kwamba hawezi kuinua mkono kupita bega. Kwa mkulima wa mihogo wa Kisarawe anayeishi kwa jembe, hasara hiyo huenda ikazidi ile ya uvimbe wenyewe.

Damu ni jambo la tatu. Mtu mzima ana takriban lita tano. Mtoto wa kilo 10 ana kama mililita 800 tu, kwa hiyo akivuja kiasi cha chupa moja ya soda ya mililita 350 amepoteza zaidi ya theluthi ya damu yake yote. Uvimbe mkubwa hauguswi bila damu ya akiba iliyokwisha kupimwa na kulinganishwa na ya mgonjwa, ndiyo maana ndugu huombwa kuchangia kabla ya siku ya upasuaji. Ombi hilo mara nyingi hupokewa kwa kunung'unika, kana kwamba hospitali inatafuta faida.

Ngozi nayo ina hesabu yake. Juu ya uvimbe wa miaka mingi huwa imetanuka, hivyo hubaki ya ziada na hupunguzwa ili uso usining'inie. Lakini mgonjwa aliyechanjwa chale juu ya uvimbe, au aliyefungwa dawa kali hadi ngozi ikaungua, hufika ikiwa imeoza sehemu, na mpasuaji hulazimika kuhamisha ngozi kutoka kifuani au pajani ili kufunika jeraha.

Sasa, ni kazi gani inayoweza kufanyika wapi? Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe, kama nyingine za ngazi yake, ina chumba cha upasuaji ambacho kazi zake za kila siku ni kuwazalisha kina mama kwa upasuaji, ngiri na mabusha. Lipoma ndogo ya shingo iko ndani ya uwezo wa ngazi hiyo. Tumbi, iliyo Kibaha, ilianza kama sehemu ya mradi wa nchi za Nordic wa mwaka 1963 uliozaa Shirika la Elimu Kibaha, na baadaye ikawa hospitali ya rufaa ya mkoa. Ipo pia kando ya barabara kuu ya kuelekea Morogoro, na majeruhi wa ajali hupelekwa hapo. Basi likipinduka, mwenye uvimbe uliodumu miaka kumi ndiye anayeambiwa arudi wiki ijayo, na damu iliyochangwa na nduguze huenda ikamwokoa mtu mwingine. Hakuna wa kulaumiwa katika hilo, lakini mgonjwa aliyejikaza hadi akafika siku hiyo huenda asirudi.

Uvimbe mkubwa wa parotidi, wa mishipa ya fahamu au wenye kubana koo ni kazi ya Muhimbili, yenye wapasuaji wa masikio, pua na koo, wa kinywa na uso, na wa watoto. Saratani hupelekwa pia Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa mionzi na dawa. Kuzinduliwa kwa hospitali ya Mloganzila Novemba 2017, mpakani mwa Dar es Salaam na Pwani, kumewasogezea huduma hiyo watu wa Kibaha hasa. Mwaka uliofuata iliwekwa chini ya Muhimbili. Kwa anayetoka Mafizi au Vikumburu, kusini kabisa mwa Kisarawe, safari bado ni ndefu, hasa wakati wa masika.

Mwaka 2024 Serikali ilianza kupeleka timu za madaktari bingwa, wakiwemo wapasuaji na wa nusukaputi, katika hospitali za halmashauri kwa siku chache chache. Kambi kama hizo si ngeni Pwani, ambako upasuaji wa mabusha umefanyika kwa mtindo huo kupitia mpango wa magonjwa yasiyopewa kipaumbele. Mabusha yamepata mpango wake, na mdomo sungura umepata mashirika ya kuugharimia. Uvimbe wa shingo haujapata mwenyewe, pengine kwa sababu ni magonjwa mengi yaliyovaa sura moja. Kambi ya siku chache inafaa kwa lipoma na kwa kuwachuja wenye kuhitaji rufaa. Kuianza kazi ya parotidi jioni ya siku ya mwisho, timu ikiwa tayari inafunga mizigo, ni hatari ambayo hakuna mpasuaji mwenye busara atakayeikubali.

Ipo sababu nyingine ya watu kuchelewa, nayo husemwa kwa sauti ya chini: kwamba uvimbe ukiguswa na kisu hugeuka kansa na kusambaa. Imani hiyo haikuzuka hewani. Wenye saratani wengi walifika wakiwa wamechelewa, wakapasuliwa, wakafariki miezi michache baadaye, na waliobaki wakakilaumu kisu. Tena kuna chembe ya ukweli ndani yake. Uvimbe wa parotidi ukitobolewa na mpasuaji asiye mzoefu, chembe zake humwagika kwenye jeraha na miaka kadhaa baadaye huota vinundu vingi mahali palipokuwa na kimoja. Saratani ya misuli au ya mafuta ikikatwa nusu, hurudi kwa kasi. Hoja inayopatikana hapo ni ya nani anayekata na anajua nini kabla ya kukata, wala haihusu kukimbia hospitali.

Gharama nazo zinachangia. Nauli, vipimo, dawa, na siku za kulala mjini kwa mgonjwa na anayemuuguza huifanya familia iuahirishe uvimbe usiouma kila msimu wa mavuno. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, lakini nauli ya muuguzaji na chakula chake huendelea kutoka kwenye mfuko wa familia.

Upasuaji ukimalizika, mrija mwembamba huachwa kwenye jeraha kwa siku chache ili kutoa damu na majimaji. Saa 24 za mwanzo ndizo za kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu damu ikijikusanya chini ya nyuzi za shingoni inaweza kulibana koo, na muuguzi wa zamu hupaswa kuwa tayari kuzifungua nyuzi hizo hapo hapo kitandani. Uso unaweza kulegea upande mmoja kwa wiki au miezi hata kama mshipa haukukatwa, kwa kuwa ulivutwavutwa, kisha ukarejea taratibu. Eneo la sikio hubaki na ganzi kwa muda mrefu, na wanaume hulitambua wanaponyoa ndevu.

Uvimbe uliotolewa hautupwi. Hutiwa katika chombo chenye fomalini na kupelekwa maabara, ambako mtaalamu wa patholojia huukata vipande vyembamba na kuutazama kwa hadubini. Ndiye anayetoa jibu la mwisho kama ulikuwa saratani, na kama kingo zake zilitoka zote. Jibu hilo huchukua siku kadhaa, pengine wiki. Kufikia hapo kidonda kimefunga, mtandio umewekwa kabatini, mgonjwa amerudi Mzenga au Soga na haoni sababu ya kupanda gari tena, na karatasi yenye jibu lake iko ndani ya faili hospitalini ikimsubiri.